Hayakutokea, Yalitendwa

Idara ya nguo ya hospitali ilikuwa na mashine mbili kubwa za kufulia, moja nzima na moja ya kukohoa, na ilikuwa na Bi Pasi. Jina hilo hakupewa na mama yake. Wapo waliosema amelipata kwa kushika pasi kubwa ya mvuke miaka ishirini na miwili bila kuunguza hata foronya moja. Wapo wengine, hasa manesi waliowahi kuleta shuka zenye sindano zilizosahaulika ndani, waliosema ni kwa sababu ya mdomo wake: ukimgusa vibaya unaondoka na alama. Mwenyewe hakubishana na upande wowote. Alisema jina zuri ni lile ambalo mtu akilitaja anakaa sawa.

Alikuwa mwanamke mfupi, mpana wa mabega, mikono imechubuka mpaka viwikoni kwa dawa ya madoa. Aliposwa mara mbili, na mara zote mbili alijibu kwamba anafikiria, na mpaka leo anafikiria. Aliishi na mama yake, bi mkubwa ambaye macho yalikuwa yameanza kumwacha, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko. Ndugu wa tumbo moja alikuwa naye mmoja tu, mdogo wake wa kiume, fundi wa jenereta wa hospitali hiyohiyo. Banda la jenereta lilipakana ukuta kwa ukuta na chumba cha kupigia pasi, kwa hiyo dada mtu alisikia injini kutwa nzima. Wenzake walimtania kwamba kwa mlio wa injini tu anajua kama mdogo wake amekunywa chai au bado.

Vita vilipofika mjini havikuja na jeshi kutoka mbali. Vilikuja na watu wa mitaani waliojuana tangu shule, waliojifunga vitambaa mikononi na kulaza magogo barabarani. Kizuizi kikubwa kilikuwa njia panda, karibu na matanuri ya matofali. Pale uliombwa kitambulisho, na kitambulisho kisiposema wazi wewe ni wa upande gani, aliulizwa mtu anayekufahamu. Wiki ya tatu, umeme wa mji ukiwa umekatwa, fundi aliona mafuta ya jenereta yamebaki ya saa mbili. Akachukua madumu mawili, akachungulia mlangoni kwa dada yake, akamwambia akichelewa asije akamkaripia mbele ya watu. Ilikuwa saa nane mchana. Saa kumi injini ikakohoa, ikanyamaza. Bi Pasi alikuwa ameshika shuka. Akasimama na shuka yake mikononi, akiusikiliza ukuta.

Wadi ya watoto ilikuwa na njiti wawili kwenye mashine za joto. Hawakufika jioni. Na katibu wa hospitali, mtu wa kalamu, alipotakiwa kuandika sababu, aliandika kwenye jalada la fundi maneno mawili: ametoroka kazini.

Fundi aliacha mke mwenye mimba ya miezi sita. Mtoto wa kike aliyezaliwa alikua, akaenda shule, na darasa la pili akarudi nyumbani kumuuliza shangazi yake kama ni kweli baba alikimbia akaua watoto wa watu. Bi Pasi siku hiyo alikwenda ofisini kwa katibu bila kuvua aproni. Si mara yake ya kwanza; alikuwa ameshakwenda mara nyingi hadi mlinzi wa mlangoni alikuwa ameacha kumuuliza ana shida gani. Jibu la katibu lilikuwa lilelile. Alete ushahidi kwamba mdogo wake hakutoroka. Ushahidi ungekuwa maiti, na maiti haikuwapo.

Kilichojulikana ni kile alichokisema muuza mboga mmoja aliyepita njia panda saa ile. Alimwona fundi amesimamishwa na madumu yake matupu. Na kati ya wenye vitambaa mkononi alimwona Kinyozi, yule aliyekuwa akimnyoa fundi tangu ndevu zake za kwanza.

Vita viliisha kama vinavyoisha vita vya namna hiyo: asubuhi moja magogo yaliondolewa, na waliokuwa wameyaweka wakasaidia kuyabeba. Wachache walifungwa, Kinyozi akiwa mmojawapo. Alikaa ndani miaka minne kwa kosa la kuwa kwenye kizuizi, akatoka, akafungua tena duka lake la vioo viwili kwenye barabara ileile aliyopita Bi Pasi kwenda kazini. Mwanzoni Bi Pasi alizunguka kwa njia ya nyuma. Kisha siku moja, katikati ya matope ya hiyo njia ya nyuma, alijiuliza kwa nini azunguke yeye. Kesho yake akarudi kwenye barabara yake, akatembea katikati, shingo imekaza kama mtu aliyebeba ndoo kichwani.

Mwaka wa tisa ndipo lilipokuja Baraza la Maridhiano.

Mwenyekiti wake alikuwa hakimu mstaafu, mtu mwema, mpenda ratiba, aliyetembea na kengele ndogo ya mezani ya kuwanyamazishia wazungumzaji. Mratibu alikuwa binti aliyetumwa kutoka makao makuu, na kinasa sauti chake na mkoba wa fomu. Baraza lilikuwa na mlezi pia. Huyo alikuwa Mkandarasi, mjenzi wa nusu ya maghorofa ya mji, ambaye alitoa viti mia mbili vya plastiki vilivyoandikwa jina la kampuni yake mgongoni. Wajumbe walivaa fulana zenye maneno: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo.

Mratibu alifika nyumbani kwa Bi Pasi, akasalimia vizuri, akakaa chini na bi mkubwa, akaeleza kwamba Kinyozi ameomba kukutana na familia. Kisha akatoa fomu. Bi Pasi aliisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, mpaka chini kabisa kwenye visanduku viwili vya kutia alama. Cha kwanza kiliandikwa Nimesamehe. Cha pili kiliandikwa Sijasamehe bado. Kidole kikasimama.

"Hii bado kaiweka nani?"

Binti alieleza kwamba ni lugha tu, ya kumpa mtu muda.

"Yaani nitakakofika mmeshanipangia," alisema Bi Pasi. "Mnachosubiri ni nauli tu."

Hata hivyo alikwenda, kwa sababu mama yake alimwomba. Bi mkubwa hakutaka suluhu wala ugomvi. Alitaka kujua mwanawe amelala wapi, basi. Ukumbi ulikuwa wa shule ya msingi, madawati yamesukumwa ukutani. Mkandarasi alikaa mstari wa mbele, mguu juu ya mguu. Bi Pasi aliketi kati ya mama yake na wifi yake, mjane wa fundi, mwanamke mpole aliyeuza vitambaa sokoni na ambaye fomu yake alikuwa ameshaijaza kwenye kisanduku cha kwanza.

Kinyozi alisimama. Alikuwa amekonda, suruali imekazwa kwa mkanda mpaka imekunjamana. Alisema kwa sauti ya kukariri kwamba anasikitika kwa yote yaliyotokea. Wakati ule ulikuwa mbaya. Shetani alipita katikati ya watu. Fundi alifika kizuizini, na bahati mbaya mambo yakaharibika, na yakatokea yaliyotokea. Akaomba radhi. Mwenyekiti akatikisa kichwa kwa kuridhika, akamgeukia Bi Pasi, akamweleza kwamba sasa ndio wakati wa kupeana mikono, kama yuko tayari.

Bi Pasi alisimama, na mkono ukabaki ubavuni.

"Mwenyekiti, nimesikiliza vizuri. Nimesikia wakati, nimesikia shetani, nimesikia bahati. Mtu sijamsikia. Mvua hunyesha yenyewe. Mdogo wangu hakunyeshewa. Hayo mnayoyaita yaliyotokea hayakutokea, yalitendwa, na waliotenda wana mikono. Mmoja wa mikono hiyo nanyooshewa niushike. Aniambie kwanza mkono huo ulifanya nini."

Kengele ililia. Mwenyekiti alimkumbusha kwa upole kwamba kikao hiki si mahakama. Bi Pasi alimjibu kwamba hilo ameliona, kwani mahakamani kuna anayeuliza maswali. Akamshika mama yake mkono, wakatoka kati ya viti vya Mkandarasi, na watu wakavuta magoti kuwapisha.

Kuanzia siku hiyo mji ulimchoka. Ilisemekana mtaa wao ndio pekee ambao ripoti yake haijakamilika, na kwamba mwanamke mmoja mwenye kisirani anawaangusha wote. Jirani alimwambia maji yakimwagika hayazoleki. Bi Pasi akamkaribisha idara ya nguo aone yanavyozolewa kila siku kwa fagio la mpira. Msimamizi wake kazini, mwanamume wa maneno matamu, alimshauri afunike kombe mwanaharamu apite. "Nimelifunika miaka tisa," alisema Bi Pasi. "Mwanaharamu hajapita. Amejenga."

Aliyemuumiza ni wifi yake. Alikuja nyumbani Jumapili mchana, akakataa kukaa, akamwambia amechoka. Mtoto anasumbuliwa shuleni, wateja wanamuuliza habari za ukumbini, na yeye anataka kulala usingizi kama watu wengine. "Wewe ulifiwa na ndugu," alisema, "mimi nilifiwa na mume. Kwa nini hasira yako ndiyo iwe kubwa kuliko yangu mpaka inijazie nyumba?"

Bi Pasi, mwenye jibu kwa kila kiumbe, alimsindikiza mpaka mlangoni tu. Alikaa kitandani muda mrefu baada ya wifi yake kuondoka. Alijiuliza kama kweli ni hasira tu inayomweka hai, na kama ni hivyo, ikiisha atabaki na nini. Lakini hakuona jinsi ya kusamehe kitu ambacho hajaambiwa. Hata shuka, kabla hujaichagulia dawa, lazima ulijue doa.

Kesho yake aliomba ruhusa ya saa moja, akaenda dukani kwa Kinyozi.

Ilikuwa saa nne asubuhi na duka lilikuwa na wateja watatu. Bi Pasi akasalimia, akakaa mwisho wa foleni, mkoba magotini. Wa kwanza aliyekuwa akisubiri alikumbuka ana safari. Wa pili alimfuata bila hata kuaga. Yule aliyekuwa kitini alinyolewa upande mmoja haraka, upande wa pili haraka zaidi, akajipangusa mwenyewe na kuondoka. Wakabaki wawili na vioo viwili.

"Dada, hapa si mahali pake," alisema Kinyozi.

"Pale mahali pake ulisema shetani. Hapa shetani hayupo, tuko mimi na wewe. Nani alikuuliza, na ulijibu nini?"

Kinyozi alizima mashine yake ya kunyolea. Aliishika kwa mikono miwili. Alipoanza hakumtazama Bi Pasi, alitazama sakafu yenye nywele za watu. Alisema aliyekuwa mkubwa wa kizuizi ni Mkandarasi, ambaye wakati huo hakuwa mkandarasi, alikuwa muuza matofali, na matanuri yalikuwa yake. Kitambulisho cha fundi hakikuonyesha wazi ni wa upande gani. Mkandarasi akamgeukia Kinyozi, kwa kuwa anafahamu vichwa vyote vya mji, akamuuliza huyu ni wetu.

"Nikasema, si wetu."

"Ulimjua."

"Nilikuwa nimemnyoa siku nne kabla."

"Kwa nini basi?"

"Walikuwa wananitazama."

Akaendelea. Walimpeleka nyuma ya tanuri la tatu. Kinyozi hakumuua kwa mkono wake, alisema, ila alichimba, yeye na wengine wawili. Wapo wengine mle shimoni. Bi Pasi alimuuliza kama mdogo wake alisema chochote. Kinyozi akaanza kuviringisha waya wa mashine, ikabidi aulizwe tena.

"Alisema jenereta ina mafuta ya saa mbili. Akasema mkishanimaliza, mmoja wenu ayajaze madumu ayapeleke, kuna watoto. Alirudia mara mbili, kama mtu anayeagiza."

"Na nani alipeleka?"

Barabarani gari lilipiga honi, likapita.

"Nimekuuliza, nani alipeleka?"

"Hakuna."

Kwenye rafu mbele ya Bi Pasi kulikuwa na wembe, mikasi miwili, chupa ya spiriti. Aliviona vyote, kimoja kimoja, kwa uwazi wa ajabu. Kisha akaweka mikono yake chini ya mapaja yake mwenyewe, akaikalia, kama wanavyofanya watoto wanaokatazwa kushika vitu. Alikaa hivyo mpaka alipoweza kusema.

"Haya uliyoniambia utayasema ukumbini. Kwa maneno hayahaya. Aliyeuliza na jina lake, aliyejibu na jina lake, tanuri la tatu. Ukimtaja shetani nitakutoa mle kwa mkono wangu."

"Wataniua, dada."

"Inawezekana. Mdogo wangu naye alijua hivyo, akaagiza madumu."

Bi Pasi alitoka na mkoba wake. Hakurudi kazini. Alikwenda sokoni, akamwita wifi yake pembeni ya vitambaa vyake, akamweleza yote, polepole, bila kuongeza chumvi. Wifi alisikiliza akiwa ameshika mita ya kupimia. Alipofikishwa kwenye madumu aliiachia. Alisema kwa sauti ndogo kwamba anaitaka fomu yake. Alisamehe kitu ambacho hakuambiwa, hivyo aliibiwa, na anaitaka fomu yake leo.

Kikao kilichofuata kilijaa, maana mji ulikuwa umenusa. Wifi ndiye aliyeanza. Alikwenda mpaka mezani akaomba arudishiwe karatasi yake, na Mratibu, baada ya kumtazama Mwenyekiti na kutopata jibu, aliitafuta mkobani akampa. Wifi akaikunja mara nne, akaitia kwenye mkoba wake. Halafu akasimama Kinyozi. Jasho lilikuwa limemlowanisha mgongo mzima. Bi Pasi alikuwa na hakika atarudi kwenye bahati na wakati mbaya, na alikuwa amejiandaa kusimama.

Hakurudi huko. Alisema nilijibu, nilichimba, niliona, nilinyamaza. Alisema tanuri la tatu. Alipolitaja jina la Mkandarasi ukumbi ulitoa sauti moja kama gunia linalotuliwa. Mkandarasi alitabasamu. Alitazama simu yake, akasimama, akanyoosha shati, na kutoka na watu wake wanne, taratibu, kama mtu anayewahi mkutano mwingine. Mwenyekiti alikuwa ameweka mkono juu ya kengele. Aliitazama ile kengele, akauondoa mkono. Baadaye wapo waliomsifu kwa hilo. Bi Pasi hakumsifu. Alisema kutopiga kengele si kazi ya kusifiwa. Alimkubali zaidi Mratibu, kwa sababu kinasa sauti chake hakikuzimwa, na usiku uleule nakala zilikuwa zimeshafika makao makuu.

Familia nyingine saba zilijitokeza, watu ambao walikuwa wamekaa kimya miaka tisa kwa kudhani wako peke yao. Eneo la matanuri lilikuwa limezungushiwa ukuta wa Mkandarasi. Amri ya mahakama ya kuchimba ilichukua miezi mitano. Mara ramani ya kiwanja imepotea, mara mwenye mhuri yuko likizo. Katikati ya miezi hiyo lori lilileta tingatinga kusawazisha matanuri. Wanawake wa familia zile walikwenda kukaa mbele ya geti, chini, kwa zamu, mchana kutwa, na wafuaji wa hospitali wakaungana nao baada ya kazi. Dereva wa tingatinga alizima injini. Alisema yeye ameajiriwa kusukuma udongo, si mama za watu.

Msimamizi alimtumia Bi Pasi ujumbe pale getini kwamba asiporudi kazini mara moja atachukuliwa hatua. Alimjibu kwa mjumbe huyohuyo: "Mwambie aandike nimetoroka kazini. Si mnajua kuyaandika hayo?"

Walipochimba walipata watu wanane. Wataalamu walikuwa wamesema kuwatambua kutachukua muda, maana nguo za pamba zilikuwa zimekwisha. Lakini sare za hospitali hazikuwa za pamba tupu, tena zilitiwa alama kwa uzi wa nailoni, namba ya idara na namba ya mtumishi, ndani ya kola, ili zisipoteane kwenye kufuliwa. Na aliyezishona namba hizo kwa sindano alikuwa Bi Pasi. Mtaalamu alimletea trei. Kulikuwa na kipande cha kola kisichozidi upana wa vidole viwili, udongo, na uzi mwekundu. Aliutambua mshono wake kabla hajaisoma namba. Alikuwa na tabia ya kurudisha sindano mara tatu mwishoni, watu wengine hurudisha mara mbili.

Hakulia pale. Aliomba maji, akanawa mikono, akanawa tena.

Walimzika mdogo wake siku ya mawingu. Bi mkubwa alikuwa ameagiza Kinyozi aitwe. Wengi hawakupenda, Bi Pasi wa kwanza, lakini mama ni mama. Kinyozi alisimama mbele ya kiti cha yule mzee, naye akamtaka arudie maneno ya mwisho ya mwanawe. Akayarudia, jenereta, saa mbili, madumu. Bi mkubwa alitikisa kichwa kwa kila neno, kisha akamuuliza kama mwanawe alilia.

"Hapana, mama."

"Unanidanganya?"

"Alilia mwishoni."

"Ahsante kwa hilo la pili," alisema bi mkubwa, na akaomba apelekwe kaburini.

Wiki iliyofuata Bi Pasi alikwenda kwa katibu wa hospitali. Alikuwa katibu mwingine, yule wa zamani amestaafu na kuagwa kwa keki. Huyu mpya alikuwa mstaarabu. Alitoa pole, akasema ataweka barua ya ufafanuzi juu ya jalada. Bi Pasi alikataa barua ya juu. Alitaka ule mstari ukatwe, kwa kalamu, mbele yake. Katibu alieleza taratibu za kumbukumbu. Bi Pasi alivuta kiti, akakaa, akamwambia ana muda. Katibu alifungua kalamu, akakata yale maneno mawili. Akaandika chini yake kwa imla ya mwanamke yule: aliuawa akifuata mafuta ya jenereta ya wadi. Bi Pasi aliomba nakala, akampelekea mtoto wa ndugu yake, naye akaenda nayo shuleni bila kumwambia mama yake. Alimpa mwalimu aisome mbele ya darasa.

Kinyozi walimvunjia duka. Vioo vyote viwili, kiti kikachomwa barabarani mchana kweupe, na hakuna aliyeona, kama kawaida ya mji ule. Siku hizi ananyolea kibarazani kwa shemeji yake, na wateja wake wamepungua. Siku moja alimsimamisha Bi Pasi njiani, akamwambia sasa amesema yote, hana alichobakiza. Je, kuna siku atamsamehe? Bi Pasi alimtazama usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya miaka yote ile.

"Salamu yako nitaitikia," alisema. "Zaidi ya hapo usiniombe. Na usiache kuja mahakamani."

Kwa sababu kesi ya Mkandarasi ilikuwa imefunguliwa, na Kinyozi ndiye shahidi wa kwanza. Imefunguliwa, ndiyo, lakini kuendelea ni habari nyingine. Mara ya kwanza iliahirishwa kwa kuwa jalada halijafika. Mara ya pili hakimu alikuwa na semina. Mara ya tatu mtuhumiwa mwenyewe, aliye nje kwa dhamana na anayeendelea kujenga, alileta cheti cha daktari cha shinikizo la damu. Bi Pasi alikisoma kile cheti kwenye ubao wa matangazo na kusema kwa sauti ya kusikika korido nzima kwamba hata yeye analo hilo shinikizo, na tangu saa mbili asubuhi yuko hapa.

Mara ya nne walikwenda tena, yeye, wifi yake, na watu wa zile familia saba. Kinyozi alikaa peke yake mwisho wa benchi la korido, kofia mkononi. Aliwasalimia. Wifi aliitikia, na Bi Pasi akaitikia. Mratibu alikuwa amekuja kuwatazama, bila fulana safari hii, na alimuuliza Bi Pasi kwa sauti ya chini kama walau moyo umepoa. Bi Pasi alimwambia haujapoa, na kwamba haombi upoe kabla yule hajakaa kizimbani.

Saa tano karani alitoka na karatasi. Wakili wa utetezi ni mgonjwa. Kesi imeahirishwa mpaka tarehe kumi na tisa mwezi ujao. Watu walianza kuinuka, wengine wakiguna. Bi Pasi alikwenda mpaka mbele ya karani, akamwomba airudie tarehe, akaiandika kwenye kiganja, kisha akamwuliza ni chumba namba ngapi na saa ngapi. Karani alisema chumba hikihiki, saa tatu.

"Tutakuwa hapa saa mbili," alisema Bi Pasi, na wakashuka ngazi kwenda kutafuta basi la kurudi.